Hakirudi Kishikwambi Chako

Nyumba ya Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Karakana ya Sare,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako, mwenye afya, mwenye furaha, na leo mwenye maringo kidogo. Habari za huko? Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ukiinama kutoa mikate kwenye tanuri unasikia kitu kinalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Usifanye mchezo na mgongo. Mwoka mikate akishindwa kuinama, atakula nini? Na wifi yangu, miguu imeacha kuvimba? Binti yetu je, amezoea chuo? Mwambie shangazi yake anamuuliza, na anataka jibu refu, si lile neno moja analonitumia kwenye simu.

Sisi huku ni wazima. Mama macho yanamsumbua, lakini masikio yameongezeka ukali. Ukifungua kopo la sukari taratibu ukiwa chumba cha pili, anakuuliza hicho ni kijiko cha ngapi. Shemeji yako kikohozi kimemwacha. Kinachomsumbua sasa ni mdomo, maana tangu Alhamisi hajanyamaza, na sababu yake utaikuta mbele. Usirukie ukurasa wa mwisho. Nakujua.

Sasa nije kwenye swali lako. Mwezi wa tatu ulinitumia kishikwambi kwa mkono wa jirani yenu aliyekuja likizo, pamoja na kikaratasi: nikijaribu mimi kwanza kwenye darasa langu la ushonaji, kikifaa kuandikia masomo nimpe mtu yeyote anayesafiri akurudishie, apewe binti, kisipofaa, niwape watoto wachezee. Tangu hapo umeniuliza mara tatu kwenye simu kama kinafaa au hakifai, na mara zote tatu nimebadilisha mazungumzo. Haikuwa dharau. Nilikuwa nasubiri matokeo ya mtihani wangu, kwa sababu sikutaka kukupa hukumu kabla shahidi hajasema.

Na ile barua yako ya mwisho, uliyosema walimu wa binti wanalalamika madaftari yake ni machafu, hadi wewe mwenyewe umeanza kujiuliza kama mtoto yuko makini, nimeisoma mara nne. Mara ya nne nilikasirika. Tena wewe ndiye unayeuliza hivyo? Mtoto anaandika kwa mkono wa kushoto, kama mimi. Kama umesahau maana yake, leo nakukumbusha.

Unalikumbuka jina langu la darasani. Masizi. Mkono wa kushoto ukiandika, unapita juu ya wino ambao umetoka kuuandika wenyewe, unauburuta, na ukifika mwisho wa mstari ukurasa umekuwa kama tako la sufuria, na kiganja vilevile. Mwalimu wa darasa la nne alinilazimisha nitumie kulia, nikawa siandiki kabisa, nachora kucha za kuku. Wewe ulikuwa nyuma yangu madarasa mawili, lakini Mungu alikupa mwandiko. Tulikuwa tunakaa kizingitini, mimi nakushonea kaptula iliyochanika, wewe unaninakilia ukurasa wangu upya ili kesho nisichapwe. Darasa la sita nikaacha shule. Watu wakasema nimependa sindano kuliko kitabu, nami sikukanusha, maana hiyo ilikuwa aibu ndogo kuliko ile ya kweli. Sehemu hii msomee binti kwa sauti.

Sasa mtihani wenyewe. Mkataji wetu mkuu hapa karakana anastaafu mwisho wa mwezi huu, na Tajiri, mwenye karakana, alishasema tangu mwaka jana kuwa meza ile ya kukatia haikaliwi tena na mtu asiye na cheti. Mimi nakata sare kwa jicho mwaka wa ishirini na mbili, na hakuna mteja aliyewahi kurudisha nguo yangu. Lakini cheti kina karatasi ya maandishi: kanuni, hesabu za vipimo, michoro midogo. Unaruhusiwa kuijaribu mara tatu tu. Mara ya kwanza nilianguka. Mara ya pili nikaanguka palepale. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Ningeanguka tena, ningebaki kwenye cherehani yangu ya pembeni hadi uzeeni, na pale mezani angekaa yule mshona vifungo aliyenikuta kazini juzi, ambaye cheti chake amekitia fremu na kukitundika juu ya pasi.

Na mwalimu wetu humjui. Tunamwita Futafuta. Anaandika ubaoni kwa mkono wa kulia na kufuta kwa wa kushoto, mkono mmoja unamfukuza mwenzake. Ukiinama kuokota kalamu, umepoteza kola nzima. Wenye mkono mwepesi wanamfuata. Mimi nilikuwa naandika nusu, na hiyo nusu naiburuta kwa kiganja, nikifika nyumbani sijui kama ile ni tatu au nane. Kwa fundi nguo, tatu na nane si ndugu hata kidogo.

Kishikwambi kilipofika kilipokelewa kama mgeni. Shemeji yako alikifunika kwa kitambaa cha mezani. Mama alikipapasa akauliza kinakula nini, nikamwambia umeme, akasema basi huyo mgeni ana gharama. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikakibeba kwenda darasani, kimefungwa ndani ya koti langu la zamani, na darasa zima likageuka kuniangalia. Sitakuficha, nilijisikia mtu.

Mwanzo nikawa mpiga picha. Futafuta akiandika, mimi naelekeza kioo, pa. Akifuta, mimi nacheka kimoyomoyo, kwamba futa tu baba, ninayo. Wiki tatu nilikuwa na picha mia nne na kumi na mbili. Jirani yangu wa benchi ni mwanamke wa umri wangu anayeshona mapazia, tunamwita Mama Mapazia, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Aliniangalia wiki hizo tatu, halafu akaniuliza taratibu, "Mwenzangu, siku ya mtihani utaandika au utatuonyesha albamu?"

Nilimwona mwivu. Likaja jaribio dogo la mwezi wa nne, nikapata thelathini na moja, na alama ya kufaulu ni hamsini. Nikarudi nyumbani kuzipitia zile picha. Nyingi zilikuwa za kiwiko cha Futafuta. Zilizobaki zilikuwa safi kabisa, lakini nilikuwa naziangalia kama mtu anayeangalia harusi asiyoalikwa. Sikukumbuka hata moja ilisemewa nini. Nilikuwa nimebeba somo kama mzigo wa mtu mwingine, sikulifungua.

Basi nikaiacha picha, nikachukua ile kalamu iliyokuja na kishikwambi. Hapo ndipo nilipokutana na adui mpya. Kile kioo kinasikia ngozi. Ukilaza kiganja ili uandike, kinadhani kiganja nacho kinataka kusema jambo. Ukurasa unaruka, mstari unatokea pasipo mstari, mara maandishi yamekuwa madogo kama chawa. Wanaoandika kwa kulia kiganja chao kinafuata nyuma, hakina madhara sana. Chetu sisi kinatangulia. Nikaandika kwa kuning'iniza mkono hewani nusu saa, bega likafa ganzi, nikawa siwezi hata kuinua pasi kesho yake.

Lakini mimi ni fundi nguo, mdogo wangu, na tatizo la ngozi dawa yake ni kitambaa. Nilichukua kipande cha bitana, ile ya ndani ya makoti, inayoteleza, nikashona glavu ya kidole kimoja na nusu ya kiganja: inashika kidole cha mwisho na ubavu wa mkono, vidole vya kuandikia vinabaki huru. Bitana moja kioo kikasikia. Nikaweka mbili na kitambaa kizito katikati. Kikanyamaza. Nikaandika mstari mmoja, wa pili, ukurasa mzima, kiganja kikipita juu ya maneno yangu kama mtu anayepita juu ya zulia, na hakuna neno lililoburutwa.

Nilikaa nikautazama ule ukurasa. Nina miaka arobaini na saba, na ulikuwa ukurasa wangu wa kwanza safi tangu nizaliwe. Shemeji yako alipopita nyuma yangu akachungulia, akauliza, "Nani kakuandikia?" Nikaandika mstari mwingine mbele ya macho yake. Alipoelewa, akaenda jikoni akapika chai mwenyewe, jambo ambalo hutokea mwaka mara moja.

Ningeweza kukuandikia siku hiyo kuwa kinafaa, na ningekuwa nimekudanganya. Sikiliza kilichonipata mwezi wa sita.

Darasani tunachora michoro midogo, robo ya kipimo halisi. Sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita nne kwenye kitambaa. Kwenye daftari unaweka tepu juu ya mchoro, unapima, unazidisha kwa nne, unakata. Ulikuja mtihani wa vitendo wa katikati ya mwaka: tukate koti la kazi la kuvisha sanamu ya kupimia nguo ya chuo chetu, kwa kutumia maandishi yetu wenyewe. Mimi na kishikwambi changu na glavu yangu, kichwa juu. Macho yangu siku hizi yanataka vitu vikubwa, kwa hiyo nilipofika kwenye mikono nikaukuza mchoro kwa vidole viwili ili nione vizuri. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote, nikatoa tepu shingoni nikailaza juu ya kioo, nikapima.

Umeshaelewa. Mkono wa koti uliopaswa kuwa sentimita kumi na tano kwenye mchoro ulikuwa umenyooka hadi ishirini na moja. Mara nne, themanini na nne. Mimi, ambaye naweza kumwangalia mtu akivuka barabara nikajua mkono wake una urefu gani, niliiona ile themanini na nne, jicho langu likaniambia hapana, nami nikalinyamazisha. Nilijiambia labda sanamu ya chuo ina mikono mirefu. Nikatia mkasi.

Tulipoivisha ile sanamu, mikono ilishuka karibu na magoti. Darasa lilicheka hadi mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Futafuta alizunguka sanamu mara mbili, akaushika ule mkono wa koti kama anavyoshikwa mkono mgonjwa, akaniuliza, "Fundi, huyu mteja wako anakaa wapi?" Akaniwekea sufuri. Tangu siku hiyo nikaitwa Fundi wa Majitu, na Mama Mapazia ndiye aliyelitunga jina hilo, kisha akaninunulia soda ya kunipoza.

Siku ile ndiyo uliyonipigia simu mara ya pili nikakwambia mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Nisamehe. Nilikuwa nimekaa kitandani nalia, na kishikwambi chako nimekitupa kwenye droo ya taulo.

Wiki mbili nilirudi kwenye daftari, na masizi yakarudi pamoja nalo. Kilichonitoa huko ni kazi. Tajiri alipata oda ya sare za wauguzi, na mmoja wao ana bega moja limeshuka kuliko jingine. Nilijua Futafuta alilifundisha hilo, lakini kwenye daftari la zamani palikuwa na doa. Nikaenda kwenye droo, nikakitoa, nikafungua somo la mabega. Nikalikuta, kwa mwandiko wangu, safi, na pembeni nilikuwa nimeandika kwa maneno yangu mwenyewe: "Bega lililoshuka usilipandishe kwa nguvu, mshushie kwapa naye apumue." Nikakata. Yule muuguzi alipovaa alijiangalia kwenye kioo akanyoosha shingo kama jogoo.

Hapo nikaelewa kuwa kosa halikuwa la kioo. Kioo hakikuniahidi kipimo, mimi ndiye niliyekiwekea tepu. Nikajiwekea sheria: tepu haigusi kioo, na kila mstari ninaochora nauandikia namba yake palepale juu yake, kwa rangi nyekundu, ili hata nikiukuza ukawa mkubwa kama mlango, kumi na tano ibaki kumi na tano. Picha nikaibakiza moja kwa somo, pale tu Futafuta anaponishinda mbio, na naipenyeza kati ya kurasa zangu mahali pake. Hilo daftari haliwezi. Daftari ukisahau kitu mwanzoni, unakiandika mwishoni, na siku ya kukitafuta ni kama kutafuta mbuzi sokoni.

Na kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nafanya hivi. Kishikwambi nakizima. Natandaza karatasi ya kaki juu ya meza, nachora somo lote la wiki kwa kipimo kamili, kwa kichwa pekee. Nikimaliza ndipo nakiwasha tunalinganisha, kama wachezaji wawili wanaofunua karata. Wiki za kwanza kilinishinda vibaya. Mwezi wa saba tukawa sare. Mwezi wa nane nikawa nakiwasha kwa heshima tu.

Ubaya mwingine upo na nitausema, usije ukaniita mchuuzi. Kuna siku umeme ulikatika tangu asubuhi, sikuchaji, na katikati ya somo la kola kikazima machoni pangu. Futafuta hajui kusubiri. Nilichofanya, nilitoa mfukoni chaki ya bluu ya fundi, nikatandaza mapajani kipande cha kitambaa cheupe, nikaandika somo zima juu ya kitambaa. Mama Mapazia alicheka hadi akapoteza mistari miwili, akaniomba nisikifue hicho kitambaa kabla hajainakili. Kwa hiyo chaji ni kama nauli. Huwezi kutoka nyumbani bila kuihesabu.

Sasa tuingie kwenye chumba cha mtihani. Kishikwambi hakiruhusiwi, ni karatasi na kalamu ya wino, kwa muda wa saa tatu. Hofu yangu ilikuwa hiyohiyo ya zamani: kwamba najua, lakini mkono utaburuta ninachojua, na msahihishaji ataona masizi. Mara mbili zilizopita naamini ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa, nikapokea karatasi, nikashika kalamu, na mkono wangu ukafanya kitu ambacho sikuutuma. Uliigeuza karatasi ikalala mshazari, pembe moja imenielekea tumboni.

Miezi yote ile kwenye kioo nilikuwa naugeuzageuza ukurasa, kwa sababu kule unageuka kirahisi kwa vidole, hadi mkono ukajipatia mahali pake: chini ya mstari, si juu yake. Sikujua kuwa nilikuwa najifunza. Nikaandika neno moja kwenye karatasi, kiganja kikapita chini, wino ukabaki ulipo. Mdogo wangu, nilitaka kusimama nipige vigelegele katikati ya chumba cha mtihani.

Msimamizi alipita akaona, akaja juu yangu. "Mama, nyoosha karatasi." Nikamwambia, "Mwalimu, nikiinyoosha karatasi nitapinda mimi." Alinitazama, akatazama ukurasa ambao ulikuwa umeshafika nusu, safi. Akaendelea na safari yake. Huyo msimamizi popote alipo namwombea maisha marefu.

Sitakuchosha na maswali. Bega lililoshuka lilikuwemo. Nilicheka peke yangu nilipoliona, nikamshushia kwapa akapumua.

Alhamisi matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chuo. Sikuweza kusogea. Nilisimama kwenye ngazi nimeshika ukuta, Mama Mapazia ndiye aliyejipenyeza mbele, akapitisha kidole kwenye orodha kuanzia chini, kwa sababu ndiko alikonizoea. Kidole kikapanda. Kikapanda tena. Nikaona kinazidi kupanda nikadhani hanioni. Kilipofika juu kabisa kikasimama, akageuka, na yule mwanamke mwenye ulimi wa mkasi safari hii akatumia vidole. Alinionyesha vidole vinane, halafu vinne.

Themanini na nne. Ndiyo, namba ileile ya ule mkono wa koti. Wa kwanza darasani, kwenye karatasi ya maandishi, mtihani ulioniangusha mara mbili. Futafuta alitoka ofisini na vumbi lake la chaki, akanipa mkono, akasema, "Fundi wa Majitu, kumbe ulipima sawasawa, ni sisi tuliokuwa wafupi." Darasa likacheka tena, na safari hii nilicheka kuwazidi wote.

Kisha nikaitwa kusaini kitabu cha wahitimu. Karani alikiweka mbele yangu kimenyooka, akanielekezea kalamu upande wa kulia. Nikaihamisha kalamu, nikakigeuza kitabu mshazari. Nikasaini taratibu. Herufi ya mwisho nilikuwa na haraka ya furaha, kidole kikaigusa, ikavuta mkia mdogo wa wino. Karani akaniuliza kama nataka kurudia kwenye mstari mwingine. Nikamwambia aache hivyohivyo, atakayekuja kusoma ajue nilipita mimi.

Tajiri amenikabidhi meza kuanzia tarehe moja. Nimemwambia naipokea kwa sharti moja, nikampa jina la duka. Ijumaa amerudi na mkasi wa mkono wa kushoto. Miaka ishirini na miwili nimekata kwa mkasi wa watu wengine, mdogo wangu, unanibana dole gumba hadi limeota sugu. Huu umekaa mkononi kama umezaliwa nami. Mshona vifungo ameutazama akasema unakata kinyume. Nikamwambia unakata mbele yangu, asogee. Shemeji yako ndiye anayezunguka mtaani akiwaambia watu wote "tulifaulu," na ukimsikia anavyosimulia utadhani yeye ndiye aliyeshika kalamu.

Basi hukumu yangu ni hii. Kinafaa. Mnunulie binti, na usimcheleweshe. Lakini asipige picha akalala, aandike kwa mkono wake na kwa maneno yake, na kila wiki akizime aone kichwani kimebaki nini. Daftari dogo asiliache nyumbani, kwa siku za umeme. Na changu hakirudi. Najua tulivyokubaliana. Sijasahau, nimekataa tu. Nina kurasa mia mbili na sita humo ndani za mwandiko wangu, na kuanzia mwezi ujao Tajiri anataka niwafundishe washonaji wapya.

Ndani ya bahasha hii utakuta glavu moja. Ni ya binti. Nimeikata kwa jicho kutoka kwenye ile picha ambayo ameshika begi la chuo, kama inambana lawama ziende kwa mpiga picha. Ni ya mkono wa kushoto. Mtu yeyote akimwambia abadilishe mkono, hata kama mtu huyo ni baba yake, mwambie ageuze karatasi.

Pia kuna karatasi mbili. Ile iliyokunjika, ya njano, utaitambua kwa mwandiko. Ni somo la jiografia la darasa la tano, uliloniandikia kizingitini ukiwa na miaka tisa. Nimeitunza ndani ya boksi la vifungo muda wote huu. Ile nyeupe nimeichapisha juzi kutoka kwenye kishikwambi, ni somo la mabega. Hiyo nimeiandika mwenyewe. Naomba uziweke pamoja.

Nisalimie wifi yangu, mwambie miguu ainyanyue juu ya mto akikaa. Nisalimie binti, na yule jirani yenu aliyebeba mzigo ule bila kuuvunja. Mama anakusalimu na anauliza lini utakuja kumkata kucha, maana wengine wote wanamkata nyama. Shemeji yako anakusalimu kwa sauti ya juu.

Mungu aulinde mgongo wako, tanuri lako lisizimike, na siku yetu ya kuonana aisogeze karibu nikiwa bado na nguvu za kukukumbatia.

Wako akupendaye siku zote, dada yako,

Masizi